Siku Moja na Nusu kutoka London

Kaka yangu alipopata nafasi ya kwenda kusoma London, mama aliuliza swali moja tu: ni mwendo wa siku ngapi?

Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba yetu, kwenye mteremko wa Manga, tukiambua maharagwe. Kaka ndiye aliyekuwa mzaliwa wa kwanza, nami nilimfuata. Baada yangu walizaliwa wengine watatu, na hakuna aliyemaliza mwaka. Kwa hiyo tulikuwa wawili tu, na mama alikuwa na tabia ya kutuhesabu kwa macho kila jioni kabla ya kufunga mlango, kana kwamba wawili ni idadi inayoweza kumpotea mtu.

Kaka alimjibu kwamba ndege ingemchukua Nairobi asubuhi, itue Entebbe, itue Khartoum, ilale au isilale, halafu ivuke jangwa na bahari, na kesho yake jioni awe London. Siku moja na nusu.

Mama aliacha maharagwe. "Siku moja na nusu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilikubeba mgongoni mpaka Kisumu ulipokuwa na ugonjwa wa kifua. Siku mbili na nusu, na miguu ikavimba. Basi huko unakokwenda ni karibu kuliko Kisumu."

Baba alicheka. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mabega, bila sauti. Kaka naye alicheka, akajaribu kueleza habari ya maili, lakini mama hakuwa na haja na maili. Hakuwahi kutembea maili. Alitembea siku. Kutoka kwetu hadi sokoni Nyamache ilikuwa siku nzima kwenda na kurudi, hadi kwao alikozaliwa ni asubuhi moja, na hadi London, kuanzia siku ile, ni siku moja na nusu. Aliwaambia wanawake kisimani. Aliwaambia waumini wenzake kanisani siku ya Sabato. Walipomhurumia kwamba mwanawe wa kiume wa pekee amekwenda mwisho wa dunia, aliwasahihisha kwa upole: si mbali.

Mimi nilikuwa nikifundisha watoto wa darasa la kwanza katika shule moja karibu na Sironga. Ukutani mwa ofisi ya mwalimu mkuu kulikuwa na ramani ya dunia. Siku moja nilichukua uzi, nikaweka ncha yake Nairobi na nyingine London, kisha nikaupima kwenye kipimo kilichochapishwa pembeni mwa ramani. Nilipata zaidi ya maili elfu nne. Nilirudia mara tatu. Jumapili nilipokwenda nyumbani nilikusudia kumwambia mama, lakini nilimkuta ameanika nafaka ya wimbi na anaimba, nikaona hakuna sababu. Nilimwambia nimepima, na kweli ni siku moja na nusu.

Huo ulikuwa uongo wa kumtuliza, na sikuona ubaya wake wakati ule.

Barua za kaka zilikuja kwenye karatasi ile nyepesi ya bluu, inayokunjwa yenyewe ikawa bahasha. Zilichukua kama wiki moja. Nilimsomea mama kwa Ekegusii, ijapokuwa kaka aliziandika kwa Kiswahili, kwa sababu yeye na mimi tulifundishwa kuandika kwa Kiswahili na ndicho tulichokiona kuwa lugha ya karatasi. Nyumbani hatukukitumia kamwe. Ninataja jambo hili kwa sababu ndilo lililotuponza.

Msomaji asiyetujua sisi Abagusii na ajue hili: katika lugha yetu, mama anaitwa "baba", na baba anaitwa "tata". Mtoto wa Kigusii akianguka akaumia na kulia "Baba! Baba!", anamwita mama yake. Watu wa nje hucheka wakisikia. Sisi tukienda shule tunajifunza kugeuza, na tukirudi nyumbani tunageuza tena, wala hatukosei.

Mwaka wa pili wa masomo ya kaka, mvua za masika zilipokuwa zimekolea, baba aliugua tumbo. Alikuwa akipalilia pareto, akaweka jembe chini akakaa. Mama alidhani amechoka. Baba hakuwa mtu wa kukaa shambani. Jioni hakula, na kesho yake tulimchukua hadi hospitali mjini Kisii, kwa machela ya miti na blanketi, vijana wanne wakipokezana. Daktari alimpapasa, akatuuliza maswali, akatazamana na msaidizi wake. Kisha akatuambia kwamba kama kuna mtu wa kuitwa, aitwe.

Mama aliniambia, "Mwite ndugu yako. Ni siku moja na nusu."

Ilikuwa Ijumaa. Nilishuka mpaka posta chini ya mvua, nimejifunika jani la mgomba. Karani wa posta alikuwa mzee wa mjini, Mwislamu, mwenye kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono na Kiswahili kilichonyooka kama uzi wa fundi. Nilimpa karatasi niliyokuwa nimeandika maneno ya kupigwa kwa simu ya maandishi. Niliandika kwa lugha yetu, kwa sababu moyo wangu siku ile haukuwa na lugha nyingine. Tata ni mgonjwa sana, njoo.

Aliivuta karibu na macho. "Binti, hii lugha yenu siwezi kuituma. Nikikosea herufi moja huko mbele hakuna wa kunisahihisha. Niandikie Kiswahili, au Kiingereza kama unakijua."

"Kiswahili," nilisema.

"Nani mgonjwa?"

"Baba."

"Pole, mwanangu. Mungu atamponya." Akaandika yeye mwenyewe kwa herufi kubwa, akanisomea: BABA MGONJWA SANA NJOO. "Ni sawa?"

Nilisoma. Ilikuwa sawa. Sikuona kosa lolote, na hata leo nikiiandika sioni kosa, isipokuwa ninapofumba macho na kuisikia kwa masikio ya mtu aliye peke yake katika nchi ya watu, ambaye kwa mwaka mzima na zaidi hajasikia sauti ya kwao.

Jibu lilikuja Jumatatu. Karani alimtuma mjukuu wake aniletee hospitalini. NINAPANDA NDEGE JUMANNE MWAMBIE ANISUBIRI.

Nauli ilichangwa na wanafunzi wenzake na watu wa kanisa alikosali. Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba anakuja. Nilikimbia mpaka kitandani kwa baba, nikainama sikioni mwake.

"Anakuja. Anasema umsubiri."

Baba alifumbua macho. "Anasema hivyo?"

"Ameandika hapa."

"Basi nitasubiri," alisema.

Na alijaribu. Mtu asiniambie kwamba hakujaribu. Jumanne alikunywa uji vijiko vitano. Jumatano aliomba arudishwe nyumbani, akisema hataki mwanawe amkute kwenye kitanda cha serikali. Daktari hakupinga. Tulimrudisha kwa machela ile ile, na pale pa kupandia Manga, penye njia nyembamba, vijana waliteleza mara mbili lakini hawakumwangusha. Mama alitembea kando, ameshika ncha ya blanketi, akihesabu kwa sauti ya chini. Amepanda jana asubuhi. Leo jioni yuko Nairobi. Alikuwa sahihi. Nilipokuja kuoanisha saa na kaka baadaye, niligundua kwamba wakati tulipokuwa tukimlaza baba kitandani mwake, ndege ilikuwa inatua Nairobi.

Maili elfu nne na zaidi zilikuwa zimekwisha. Zilibaki mia mbili na kitu.

Alhamisi asubuhi baba alimwuliza mama kama amefika. Mama akamwambia bado kidogo. Akauliza tena saa nne. Mama akamwambia yuko njiani. Kabla ya saa sita baba alimwomba maji, mama akageuka kuchukua kibuyu, na alipogeuka tena baba alikuwa amekwisha kwenda.

Ilivyokuwa kwetu, kaburi la mwanamume huchimbwa kando ya nyumba yake, upande wa kulia, na mwenye kupiga jembe la kwanza ni mwanawe wa kwanza. Wengine humalizia. Wakristo wetu waliacha mambo mengi ya zamani, lakini hilo hawakuliacha. Kwa hiyo alasiri ile, wanaume walipokusanyika, walisimama na majembe yao bila kuchimba.

Mama alisema, "Tusubiri."

Mdogo wa baba ndiye aliyeshika nafasi ya kusema. Alikuwa mtu wa haki, hakuwa mkali. Alisema, "Shemeji, tutasubiri mpaka kesho. Lakini kesho ni Ijumaa. Jua likitua Sabato imeingia, na hatuwezi kuchimba. Tukivuka hapo mpaka Jumapili, mwili hautakubali. Unajua joto baada ya mvua."

"Atafika," mama alisema. "Alikuwa Nairobi jana."

"Umejuaje?"

"Ni siku moja na nusu."

Wapo waliotazama chini kwa haya, wakidhani huzuni imempanda kichwani.

Ijumaa tulisubiri. Mvua ilinyesha asubuhi, ikapumzika, ikarudi. Mama alikaa mlangoni akitazama njia inayotoka bondeni. Kila aliyechomoza alikuwa mtu mwingine: jirani na ndizi, dada yake baba, mwalimu mwenzangu. Saa nane mdogo wa baba alikuja akachuchumaa mbele yake. Saa tisa alikuja tena. Safari hii mama alimtazama, akafunika uso kwa leso, na mkono wake mmoja ukatoa ishara ndogo, kama mtu anayemruhusu mgeni kupita.

Jembe la kwanza lilipigwa na binamu yetu, mwana wa mdogo wa baba. Alilipiga huku akilia na kuomba msamaha kwa mtu asiyekuwepo. Tulimzika baba jua likiwa bado linaonekana kidogo kati ya mawingu, tukaimba, na jua likazama.

Kumbe wakati ule kaka alikuwa amesimama ng'ambo ya mto. Gari moshi la Jumatano lilikuwa limeshaondoka, kwa hiyo alitoka Nairobi kwa lile la Alhamisi jioni, akafika Kisumu Ijumaa asubuhi, akapanda basi la kwanza la Kisii. Katikati ya njia mto ulikuwa umefurika na kuchukua daraja dogo la mbao. Abiria walishuka wakasimama matopeni. Dereva aliwaambia wanaotaka warudi naye Kisumu. Kaka hakurudi. Alitembea kando ya mto kwenda juu na kwenda chini akitafuta kivuko, na mawingu yalipopasuka aliliona genge la mwamba la Manga kwa mbali, limesimama kama ukuta. Aliliona vizuri, aliniambia. Angeweza kuonyesha kwa kidole palipo na mti wa kwetu. Mtu mmoja wa pale alimshika akamzuia asiingie majini, akampa mahali pa kulala. Kulipopambazuka alivushwa kwa kamba.

Sabato ile hatukwenda kanisani. Tulikaa nje, mama kwenye mkeka na wanawake wachache wakiwa wamemzunguka. Nilikuwa nimesimama karibu na ghala la wimbi nilipomwona anapanda. Amevaa koti zito la nchi ya baridi, amelowa, tope mpaka magotini, viatu amevitundika shingoni kwa kamba zake. Alikuwa amekonda. Alikuwa akilia kabla hajafika; nililiona hilo kutoka mbali, mabega yake yalivyokuwa yakienda.

Chini ya mteremko alikuwa amekutana na mama mmoja mzee asiyemfahamu. Yule mzee aliona tu kijana mgeni anaelekea kwenye msiba, akamwambia, "Pole, mwanangu." Basi kaka akajua kwamba amechelewa.

Alipoingia uani, mama alisimama. Kaka alimwona. Sijui kama nitaweza kulieleza. Alisimama ghafula, mdomo wazi, halafu akacheka. Alicheka kwa sauti, katikati ya matanga, akatupa mfuko wake akakimbia. "Baba!" alipiga kelele. "Baba! Uko hai! Uko hai!" Alimshika mama mashavu kwa mikono miwili, akamtazama, akamkumbatia, akacheka tena na kulia pamoja, akasema Mungu ni mwema, Mungu ni mwema. Mama alikuwa amesimama mikono imening'inia. Mwanamke mmoja alianza kusema kitu, mwenzake akamgusa paja.

Pale ndipo nilipoisikia simu yangu kwa masikio yake.

Kaka aligeuka akitusalimu, uso ukiwa bado unang'aa. "Nilidhani mmeshamzika," alisema. "Tangu London nimemlilia. Mtu aliyekaa karibu nami kwenye ndege alinipa kitambaa chake." Akatazama huku na huku. "Tata yuko wapi?"

Mimi nilitazama upande wa kulia wa nyumba. Sikukusudia, macho yalikwenda yenyewe. Akayafuata. Udongo ulikuwa mwekundu na mpya, mvua imeusawazisha.

Alikwenda pale polepole. Alisimama bila kupiga magoti, bila kulia. Machozi yote alikuwa ameyatumia hewani kwa mtu aliye hai. Alisimama mpaka koti likaanza kutoa mvuke kwa jua, na mama akaenda akamvua koti lile kama mtoto, akalianika juu ya ua.

Jioni nilimwendea. Nilimwambia, "Mimi ndiye niliyeandika. Nilimaanisha tata."

"Najua," alisema. "Ni Kiswahili sahihi."

"Hukufikiria kwamba ni Kiswahili?"

"Niliisoma nikiwa nimesimama ngazini. Nilisikia sauti yako. Wewe huniiti kwa Kiswahili."

Hakunilaumu, si siku ile wala baadaye. Lakini aliacha kula kwa siku tatu. Nadhani kilichomla si kwamba alichelewa. Kilichomla ni kwamba alicheka. Watu walimwona akicheka kwenye matanga ya baba yake. Hakuna aliyemtajia, na wote walielewa sababu yake, lakini mtu hujisikia mwenyewe ndani ya masikio yake.

Alikaa wiki mbili. Siku moja kabla hajarudi, mama alituita sote wawili jikoni. Alikuwa akikoroga uji na hakuacha kukoroga.

Alimwambia kaka, "Ulinililia kutoka London mpaka hapa. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Ulilia kama mtu anavyomlilia mama yake aliyekufa?"

Kaka akaitikia kwa kichwa.

"Basi umekwisha kunililia. Yamekwisha hayo. Mimi nimekuona ukinililia na macho yangu, na ni wachache waliojaliwa hilo. Nikifa kweli, usipande tena. Maliza masomo yako."

"Usiseme hivyo."

"Na wewe," alinigeukia mimi, "usimpigie simu. Mwandikie barua. Si ile ya bluu. Andika ile inayokwenda na meli."

Nilidhani ni maneno ya huzuni. Tuliyaacha jikoni pale. Kaka aliondoka, akakuta mitihani yake imepita, akalazimika kurudia mwaka.

Mama aliishi miaka miwili na miezi kidogo. Hakuzungumzia tena habari ya siku moja na nusu. Alilima, alikwenda kanisani, alikuja kunitazama nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, kwani wakati ule nilikuwa nimeolewa Sironga na mwalimu mwenzangu. Aliugua kifua wakati wa baridi ya Julai. Alijua mapema kuliko sisi. Niliposema nakwenda posta, alinishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa na nguvu ambayo sikuitegemea.

"Nilikuambia nini?"

"Yeye ni mwanao."

"Ndiyo maana."

Tulimzika upande wa kushoto wa nyumba. Binamu yetu ndiye aliyepiga jembe tena. Wiki iliyofuata nilikaa mezani, nikaandika kurasa nne kwa lugha yetu, nikaeleza kila kitu tangu siku ya kwanza ya homa. Nilipofika posta, yule karani mzee wa kofia alikuwa bado yupo. Aliona jina la nchi, akachukua stempu ya ndege kama alivyozoea.

"Ya meli," nilisema.

"Itachukua wiki sita, binti."

"Najua."

Aliirudisha stempu, akaifungua droo nyingine.

Katika wiki zile sita zilifika barua tatu za bluu, zote kwa mama. Mume wangu aliniambia nizifungue. Sikuweza, nilizifungua ya tatu ilipofika. Katika ya kwanza kaka alieleza habari ya theluji iliyomfikia magotini mwaka uliopita, na kwamba angependa mama aione mara moja tu. Katika ya pili alisema amefaulu somo lililomshinda. Katika ya tatu aliandika mistari michache. Mbona umenyamaza, mama? Mwambie dada aniandikie hata mstari mmoja. Niliota nakusikia unahesabu.

Ningeweza kupiga simu siku ile. Mama alikuwa amekwisha zikwa, hakuna ambacho kaka angeharakia. Nilifika mpaka kwenye njia panda ya kwenda mjini, mtoto mgongoni. Nilikaa juu ya jiwe, nikafikiria barua yangu ilipo, pengine katikati ya bahari, ikienda mwendo wa mtu anayejikokota, na nikafikiria neno la marehemu. Nikarudi nyumbani. Nimejiuliza maisha yangu yote kama nilirudi kwa sababu ya utii au kwa sababu ya woga.

Kaka hakujibu barua ile ya meli. Hakuandika kwa mwaka mzima na miezi minne. Nilijua yu hai kwa sababu kijana mwingine wa kwetu aliyekuwa huko aliwaandikia wazazi wake kwamba amemwona, amevaa miwani, anasalimia vizuri. Kisha ikaja karatasi ya bluu, na ndani yake siku ya kufika na jina la uwanja mpya wa ndege wa Nairobi. Hakuna lingine.

Nilikwenda peke yangu kwa basi. Uwanja ule ulikuwa mkubwa na msafi, sakafu inateleza, na watu waliovaa nguo za kanisani katikati ya wiki. Ndege ilichelewa kwa saa nne. Nilimwuliza mfanyakazi mmoja imetoka wapi saa ngapi, akaniambia kwamba sasa kuna ndege mpya, zinakuja kwa muda mfupi kuliko zamani, na miaka michache ijayo mtu atakula cha jioni kule na cha asubuhi hapa. Alisema hivyo kwa fahari, kama aliyezitengeneza. Nilimshukuru.

Kaka alitoka akiwa na miwani kweli, na mvi mbili tatu juu ya masikio. Alinisalimu kwa lugha yetu, akaniuliza habari za watoto, za mume, za mahindi. Njia nzima mpaka Kisii aliuliza habari za kila kitu isipokuwa jambo moja. Nilimjibu yote aliyoniuliza.

Tulifika Manga alasiri. Mdogo wa baba alikuwa akiitunza nyumba, lakini upande wa kushoto majani yalikuwa yamepanda. Kaka alivua koti, akaomba jembe, akaanza kupalilia kaburi la mama. Alipalilia vibaya, kama mtu aliyesahau. Nilichukua jembe jingine nikaanzia upande wa pili. Tulifanya kazi mpaka tukakaribiana.

"Ungenipigia simu ningekuja," alisema bila kuinua kichwa.

"Najua."

"Alikukataza?"

"Alinishika mkono hapa."

Alitazama mahali nilipoonyesha. "Barua ilifika asubuhi ya mtihani," alisema. "Niliiweka mfukoni, nikaufanya mtihani, nikatoka, nikaisoma barazani. Nilipata alama nzuri sana." Akang'oa jani kwa mkono, akalitupa. "Wewe ungeweza kumkatalia."

"Ningeweza."

Alingoja niendelee. Kisha aliinua jembe akaendelea na kipande kilichobaki, mimi nikakusanya majani yaliyong'olewa, nikayabeba kwenda kuwapa ng'ombe.